Sheria Iliyobandikwa Ukutani: Huduma Bora ya Afya Huanza na Swali

Mara hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vingi hunieleza ninapowatembelea, yaani huduma tunayopata katika zahanati na hospitali zetu. Wengine husema, "Dawa hakuna." Wengine husema, "Dawa ziko, lakini vile tunavyosemeshwa, heri kubaki nyumbani." Malalamiko haya mawili si sawa, na dawa yake si moja. Ili tuyaelewe vizuri nitaanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki. Si vizuri kufundisha wengine huku umeficha lako.

KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa kamati ya zahanati moja ndogo. Zahanati ilikuwa na deni kubwa. Watu walitibiwa, wakaenda zao bila kulipa, na aliyetuuzia dawa alikataa kutupa nyingine mpaka tumalize deni. Kamati ilikaa mchana kutwa. Mwishowe tukapitisha kwamba mgonjwa hataonwa na nesi kabla ya kulipia kadi dirishani. Mimi ndiye niliyeandika tangazo kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: BILA KADI HAKUNA HUDUMA. Nikalibandika ukutani kwa mkono wangu.

Kwa miezi michache mambo yalikwenda vizuri. Deni lilipungua, dawa zikaja, na sisi wanakamati tukajipongeza.

Halafu asubuhi moja ya mvua, mama mmoja wa kikundi nilichokuwa nikikitembelea alifika na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali tangu usiku. Mama hakuwa na pesa za kadi, na alikuwa amemtuma kijana wake mkubwa akakope kwa jirani. Mhudumu wa dirishani akamwambia angoje. Akangoja. Alikaa kwenye benchi kama saa mbili hivi, tangazo langu likiwa mbele ya macho yake. Nesi alikuwa ndani akiwahudumia waliokuwa na kadi, wala hakujua kwamba huko nje kuna mtoto mahututi. Mtoto akashikwa na degedege pale pale kwenye benchi.

Alitibiwa, akapelekwa hospitali kubwa, na akapona malaria. Lakini tangu siku hiyo huanguka kifafa, na shule imemshinda. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba saa mbili zile ndizo zilizoleta hayo. Lakini pia hakuna anayeweza kusema si zenyewe.

Nilipomtembelea yule mama nyumbani nilimuuliza, "Mama, mbona hukupiga kelele? Mbona hukuingia tu ndani kwa nesi?" Akaniangalia, akasema, "Si mliandika ukutani, mwalimu?"

Ndugu zangu, jambo lililonisumbua zaidi ni hili. Nilipotafuta mtu mbaya katika habari hii, sikumpata. Mhudumu wa dirishani alifuata sheria. Nesi hakuwa amekaa bure. Kamati ilikuwa ikijaribu kuokoa zahanati. Kila mtu alifanya kazi yake, na bado mtoto akaumia. Hata kama tungeongeza dawa, tukapaka ukuta rangi mpya na kumpeleka nesi semina, kosa lile lingebaki. Lilihitaji mtu wa kuuliza, "Je, sheria yetu hii ni njema?"

Kuuliza hivyo ni kazi ya falsafa. Na ile sehemu ya falsafa inayopima jema na baya katika matendo yetu huitwa maadili.

FALSAFA SI YA CHUO KIKUU PEKE YAKE

Najua neno falsafa linaweza kuwatisha wengine. Mtu hufikiria vitabu vikubwa na wazungu wa zamani wenye ndevu. Lakini hapa kwetu Kenya tulikuwa na Profesa Henry Odera Oruka, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipofariki mwaka wa 1995. Yeye alikataa maneno ya waliosema kwamba Mwafrika wa kijijini hana falsafa. Alikwenda kuwahoji wazee, wengi wao hawakuwa na masomo mengi ya shule, akawauliza juu ya Mungu, haki, usawa, na mwanamume na mwanamke. Mwaka wa 1990 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo.

Oruka aliwagawa wenye hekima katika makundi mawili. Kuna mzee anayejua mila na methali zote za watu wake na kuzieleza vizuri. Huyo ana hekima, lakini hazidishi. Halafu kuna yule anayezijua mila hizo, kisha anazipima. Husema, "Hivi ndivyo tunavyofanya. Lakini je, ni vizuri? Kwa nini?" Huyu wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa.

Sasa basi, kamati yetu ya zahanati ilikuwa na watu wa kundi la kwanza peke yao. Tulijua sheria zetu zote. Hakuna aliyezipima.

HUDUMA BORA NI NINI?

Kabla ya kupima ni lazima tujue tunapima nini. Daktari mmoja mzaliwa wa Beirut, Lebanon, jina lake Avedis Donabedian, alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani. Mwaka wa 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma ya afya hutazamwa katika mambo matatu. Mimi huyaeleza kwa mfano wa shamba.

Kwanza ni vifaa na watu. Shambani tungesema jembe, mbegu na mbolea. Katika zahanati ni jengo, maji, dawa, vitanda, na wahudumu wa kutosha waliosomea kazi.

Pili ni utendaji. Unaweza kuwa na mbegu nzuri lakini ukapanda kwa kuchelewa na usipalilie. Hata katika zahanati tunauliza: mgonjwa alipokewaje? Alipimwa kabla ya kupewa dawa? Mhudumu alinawa mikono? Alieleza?

Tatu ni matokeo, yaani mavuno. Je, mgonjwa alipona? Mama na mtoto walitoka salama?

Vikundi vingi huishia kwenye lile la kwanza. Tunafanya harambee, tunajenga wadi, tunakata utepe, kisha tunakwenda nyumbani. Kujenga ni kuzuri. Lakini jembe jipya halilimi lenyewe. Huyu Donabedian, akiwa mzee na mgonjwa yeye mwenyewe, alisema kwamba mipangilio na vipimo vina kazi yake, lakini havitoshi pasipo upendo na maadili ndani ya wale wanaohudumu. Na haya aliyasema mtu aliyetumia maisha yake yote akifundisha vipimo.

MASWALI MANNE YA KUPIMA

Mwaka wa 1979 walimu wawili Wamarekani, Tom Beauchamp na James Childress, walitoa kitabu kilichopanga maadili ya tiba katika misingi minne. Mpaka leo misingi hiyo hufundishwa kwa madaktari na manesi. Nimeigeuza kuwa maswali ambayo kikundi chochote kinaweza kuuliza, hata chini ya mwembe.

Swali la 1: Je, tunamdhuru?

Mtu huja zahanati akiwa mgonjwa. Asitoke akiwa mgonjwa zaidi kwa sababu yetu. Sikilizeni habari ya hospitali kuu ya mji wa Vienna, Austria. Mnamo miaka ya 1840 hospitali hiyo ilikuwa na wadi mbili za kina mama. Moja iliendeshwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Katika wadi ya madaktari kina mama walikufa kwa homa ya uzazi kuliko katika wadi ya wakunga. Kina mama wa mji huo walilijua jambo hili. Wengine walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kwa madaktari, na wengine waliona heri kujifungulia njiani.

Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, ndiye aliyetafuta sababu. Aligundua kwamba madaktari walikuwa wakipasua maiti asubuhi, kisha wakaenda moja kwa moja kuwashika kina mama kwa mikono ile ile. Mwezi wa Mei 1847 akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa kama kina mama 18 kati ya kila 100 katika wadi hiyo. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu kati ya kila 100.

Tungetegemea madaktari wafurahi. Wapi! Wengi walikasirika kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo inayoua. Semmelweis alipoteza kazi yake huko mwaka wa 1849. Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, maji na sabuni ni jambo la maadili, si usafi tu. La pili, wagonjwa walijua tatizo kabla ya wasomi, ila hakuna aliyewasikiliza.

Swali la 2: Je, tunamfaidi?

Swali hili linatugusa sisi wagonjwa pia. Wengi wetu tukienda zahanati bila kudungwa sindano, tunasema hatukutibiwa. Mtu ana homa, anadai dawa ya malaria hata kabla ya kutolewa damu. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa ya malaria. Nesi anayekukatalia sindano usiyohitaji amekutendea mema, hata kama umeondoka umenuna. Na nesi anayekupa ili uache kelele amekupendeza tu, hakukufaidi.

Swali la 3: Je, amesikilizwa na kuelezwa?

Mgonjwa si gunia la mahindi la kupakiwa na kupakuliwa. Ana haki ya kujua anaumwa nini, anapewa dawa gani na kwa nini, na ana haki ya kukubali au kukataa. Pia ana haki ya siri yake. Kama mama anaulizwa dirishani kwa sauti kubwa, mbele ya majirani, "Wewe, umekuja kwa ajili ya nini?", huyo amevuliwa nguo mbele ya watu. Asiporudi tena kuchukua dawa zake, tusiseme ni mkaidi.

Swali la 4: Je, ni haki?

Hapa ndipo kamati yetu ilipoanguka. Sheria yetu ilikuwa sawa kwa wote, tajiri na maskini. Kwa sababu ilikuwa sawa tulidhani ni ya haki. Lakini usawa na haki si kitu kimoja. Pesa za kadi kwa mwalimu mwenye mshahara si chochote. Kwa mama anayelima vibarua ni chakula cha siku. Vile vile foleni. Kumhudumia aliyefika kwanza ni usawa, lakini ikiwa wa kwanza ana kikohozi kidogo na wa kumi anatokwa na damu, foleni inaua. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika zahanati huumiza zaidi ya matumbo. Sisi Wakristo ilitupasa kulijua hili mapema, maana habari za Sabato na wagonjwa tumezisoma tangu utotoni.

Na hongo je? Nayo inaanguka chini ya swali hili. Anayetoa kitu kidogo ili apite mbele hajajisaidia tu. Amemsukuma nyuma mtu mwingine ambaye hamwoni.

YALIYOTOKEA BUNGOMA

Tuyaweke maswali haya pamoja katika jambo moja lililofika mahakamani. Mwezi wa Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba kina mama watajifungua bure katika hospitali za umma. Kina mama wengi walifika. Lakini vitanda na wahudumu havikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mama mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya serikali mjini Bungoma. Alikuta kina mama wakilala zaidi ya mmoja kitandani. Uchungu ulipozidi aliita, hakupata msaada. Alijifungulia sakafuni. Wahudumu walipomkuta walimpiga makofi na kumtukana kwa kuchafua sakafu. Mtu fulani alipiga picha kwa simu, na nchi nzima ikaona.

Mama huyo hakunyamaza. Alikwenda mahakamani, na mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa, pamoja na heshima yake kama binadamu. Iliamuru alipwe fidia ya shilingi 2,500,000 na aombwe radhi. Haikuwalaumu wahudumu peke yao. Ilisema pia kwamba serikali ya taifa na ya kaunti hazikutenga pesa za kutosha wala hazikusimamia ubora wa huduma.

Tazameni jinsi mambo yote matatu ya Donabedian yalivyo hapo. Vitanda havikutosha, hilo ni la vifaa. Makofi na matusi, hilo ni la utendaji. Mtu akisema, "Walimpiga kwa sababu vitanda ni vichache," amekosea. Uchache wa vitanda unaweza kueleza kwa nini mama alilala sakafuni. Hauelezi kofi. Lakini naye anayesema, "Wafukuzeni manesi wale, mambo yatakuwa sawa," amekosea vile vile, kwa sababu kesho nesi mwingine ataletwa katika wadi ile ile iliyojaa.

Na msidhani hilo lilikuwa la mama mmoja tu. Utafiti uliofanywa hapa Kenya chini ya mradi ulioitwa Heshima uliwauliza kina mama 641 waliotoka kujifungua katika vituo 13. Mmoja kati ya kila watano alisema alitendewa bila heshima kwa namna moja au nyingine. Baadaye mradi ulifanya kazi pamoja na wahudumu, wakubwa wa hospitali na wanavijiji, na idadi hiyo ikashuka hadi kama 13 kati ya kila 100. Kwa hiyo tabia hubadilika. Si amri ya Mungu kwamba mama atukanwe akijifungua.

NA NESI JE?

Wanakikundi, tuwe wa kweli. Nesi naye ni mtu. Nimemwona nesi aliye peke yake zamu ya usiku, ana kina mama watatu wa uchungu kwa wakati mmoja, na glavu zimekwisha. Hajala tangu mchana. Mshahara umechelewa. Akimfokea mgonjwa, amekosa. Lakini mwenye kumwacha peke yake amekosa pia, na kosa lake ni kubwa zaidi ingawa halisikiki.

Swali la haki linamhusu na yeye. Kikundi kinachokwenda kituoni kulalamika tu, bila hata siku moja kuuliza, "Nesi, wewe unasumbuliwa na nini?", hakijafanya falsafa. Kimefanya kelele. Heshima si utumwa, na inakwenda pande zote mbili za dirisha.

SHERIA YA NCHI INASEMA NINI

Haya ninayoyasema si huruma tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu. Mwaka wa 2013 Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa, unaotaja pia wajibu wa mgonjwa, kama vile kutunza afya yake na kuwaheshimu wahudumu. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inataja matibabu ya dharura, kuelezwa, kukubali kwa hiari, siri ya mgonjwa, na haki ya kulalamika ukasikilizwa.

Mwezi wa Septemba 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua pia kwamba ilikuwa makosa kuwazuilia kina mama wawili katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani kwa sababu hawakuweza kulipa. Nao walipewa fidia.

Majina ya mipango hubadilika. Zamani tulikuwa na NHIF, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Jiandikisheni, na msaidie wazee wasiojua kutumia simu. Lakini kadi ya bima haiondoi yale maswali manne. Mtu mwenye kadi anaweza kutukanwa vile vile.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mnaijua njia yetu: Ona, Amua, Tenda. Itumieni hapa.

ONA. Teueni watu watatu wanaoaminika, angalau wawili wawe kina mama. Wawatembelee watu kumi waliotibiwa mwezi uliopita na kuwauliza: Ulingoja muda gani? Ulielezwa dawa ni za nini? Ulisemeshwaje? Nini kilikuwa kizuri? Msiandike majina. Halafu waongee na wahudumu pia, kwa heshima, na kuwauliza yale yanayowasumbua.

AMUA. Kaeni chini na mpange majibu katika mafungu matatu: vifaa, utendaji, matokeo. Kisha chukueni kila sheria ya kituo, iliyoandikwa na isiyoandikwa, na kuipima kwa maswali manne. Kila mara ulizeni, "Nani anaumia tukifuata sheria hii? Je, yuko hapa tumsikie?" Kama hayupo, mtafuteni kabla ya kuamua.

TENDA. Chagueni jambo moja tu la kuanza, linalowezekana ndani ya miezi mitatu. Kwa mfano, mtungi wa maji na sabuni mlangoni, au pazia la kumsitiri mgonjwa. Pelekeni maoni kwa kamati ya kituo. Msiende kama jeshi. Nendeni na mambo mawili mazuri mliyoyaona, jambo moja la kurekebisha, na sehemu ya kazi mtakayoifanya ninyi wenyewe. Kukiwa na kofi, matusi, hongo au mtu kunyimwa matibabu ya dharura, hapo msingoje miezi mitatu. Andikeni barua kwa mkubwa wa kituo, na nakala kwa ofisi ya afya ya kaunti. Wekeni tarehe, na mbaki na nakala yenu.

TULIVYOFANYA SISI

Mnataka kujua tangazo langu liliishia wapi. Nililibandua, lakini haikuwa rahisi. Mweka hazina wetu alisema, "Tukifungua mlango huu, tutafunga zahanati." Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa akisema kweli yake, na ilibidi tumjibu kwa hesabu, si kwa machozi. Tulikutana mara tatu.

Tulimwomba yule mama aje azungumze na kamati. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alikuja na mwenyekiti wa kikundi chake, akasema jambo moja tu: "Yule wa dirishani akae nje na sisi, atuone." Basi. Miaka yote hiyo sisi wasomi hatukuwaza jambo hilo.

Kwa hiyo mhudumu akaanza kutoka nje kila baada ya muda na kupita kwenye mabenchi. Nesi alimfundisha dalili za hatari: mtoto anayeshikwa na degedege, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeamka, na anayepumua kwa shida. Kwa kina mama wajawazito, kutokwa na damu au kichwa kuuma sana. Huyo aingie kwanza, kadi baadaye. Vikundi vitatu vilikubali kuchanga kidogo kila mwezi kuwa mfuko wa kadi za wasio na pesa. Na kila mwisho wa mwezi hesabu ilisomwa mbele ya watu: wangapi walitibiwa bila kadi, wangapi walirudi kulipa.

Wengi walirudi kulipa. Wengine hawajalipa hadi leo. Wakati wa njaa ule mfuko ulikauka, na ilibidi tuuze mbuzi wawili wa kikundi. Lakini zahanati haikufungwa, na mweka hazina ndiye aliyekuwa akisoma ile hesabu kwa sauti kuliko wote.

Tangazo la kalamu nyekundu ninalo nyumbani, limekunjwa ndani ya daftari langu la kazi. Nikiitwa kuisaidia kamati yoyote kutunga sheria mpya, hulitoa kwanza na kulisoma mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja sheria moja ya zahanati au ya kikundi chetu ambayo hatujawahi kuipima. Ni nani anayeweza kuumia nayo?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuwatendea watu wote sawa na kuwatendea haki? Toeni mfano wa hapa kijijini.

3. Je, kuna watu wa kijiji chetu walioacha kwenda kutibiwa? Tumewahi kuwauliza sababu?

4. Sisi wagonjwa tunawakosea wahudumu kwa njia gani?

5. Ni jambo gani moja tutakaloanza nalo mwezi huu? Nani atalifuatilia?